SHEMEJI ALINICHAGULIA KAMERA

"Piga! Piga wewe! Baba anasimama!"

Sauti ya Shangazi ilipasua ukumbi mzima.

Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena...

Kimya!

Kioo cha kamera kilitoa maandishi mekundu ambayo sikuwahi kuyaona, kisha kikawa cheusi tii.

Ndugu zangu mnaosoma, naomba mnielewe kabla hamjaendelea. Baba yangu hakuwa amesimama tangu kiharusi kimwangushe. Madaktari walishatuambia tuzoee. Na siku hiyo, kwenye harusi ya mdogo wangu, mbele ya watu wote, yule mzee ameshika mikono ya kiti chake cha magurudumu, anatetemeka, anainuka...

Na mimi, mpiga picha wa familia, nimepiga magoti mbele yake na kamera iliyokufa! Ilianza kunigomea bibi harusi alipotokea mlangoni, na machozi yalishanitoka kabla Shangazi hajapaza sauti.

Nilitoa betri nikarudisha. Nikaipuliza. Nikaipiga kiganja kama redio mbovu. Machozi yananitoka, mikono inateleza, watu wanapiga vigelegele, na mimi naomba kimoyomoyo, "Washa, tafadhali, washa..."

Ndipo nikasikia pembeni yangu...

Kacha! Kacha! Kacha! Kacha!

Nikageuka.

Shemeji! Mume wa dada yangu mkubwa, kamera jichoni, mguu mmoja mbele, ametulia kama mtu anayekunywa chai kwake. Alipiga mpaka Baba akashuka tena kwenye kiti akihema.

Kisha akashusha kamera, akanitazama pale chini nilipo, akatabasamu.

"Shem, kamera si kununua tu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Kamera ni mkono."

Watu wakacheka.

Walicheka, jamani! Na mimi nikiwa bado nimepiga magoti.

Sasa ngoja niwaeleze huyu mtu ni nani, maana hata kuandika tu mikono inaniwasha.

Mimi nina kibanda cha picha za paspoti. Kistuli kimoja, kitambaa cheupe ukutani, taa mbili. Baba ndiye aliyekijenga, alikuwa seremala. Misumari yote ya kile kibanda aliipiga yeye, akaniambia, "Mwanangu, hapa utakula, lakini usilale hapa. Nenda na kwenye harusi."

Harusi zinataka kamera ya maana. Mimi nilikuwa na kikamera cha mfukoni kinachotoa sura za watu kama vitambulisho vya wafungwa. Nikadunduliza. Nguo sinunui, saluni siendi, naweka tu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alipopata mchumba akaniambia, "Dada, harusi yangu unapiga wewe. Simtaki mtu mwingine."

Hapo ndipo Shemeji alipoanza kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Yeye ana studio. Mlango wa kioo, kiyoyozi, bango kubwa. Watu wanamwita Profesa kwa sababu hawezi kukupa jibu fupi. Ile harusi aliitaka yeye, si kwa hela, kwa jina. Mkwe mwenye studio halafu harusi ya nyumbani anapiga shemeji wa paspoti? Ilimchoma.

Lakini hakusema. Alikuja kwangu na ushauri!

Mimi kamera yangu nilishaichagua. Nilikwenda dukani nikaishika mpaka muuzaji akanizoea. Nyepesi, kioo chake kinageuka, inakaa kwenye kiganja changu kama imepimwa na fundi cherehani.

"Hapana, Shem," Profesa akasema. "Hiyo ni ya watalii."

"Mbona ina megapikseli nyingi?"

"Megapikseli!" Akamgeukia Dada, akacheka. "Megapikseli ni kama vyumba, Shem. Vyumba ishirini vya nini kama madirisha hayapitishi mwanga? Uliza inafanyaje ukumbini taa zikiwa hafifu. Uliza lenzi yake. Uliza betri na spea zinapatikana hapa hapa, au mpaka uagize."

Na hiki ndicho kinachoniuma mpaka leo... yote aliyosema yalikuwa kweli! Hakunidanganya hata neno moja. Nia ndiyo ilikuwa imeoza.

"Chukua modeli kama yangu," akamalizia. "Ile ile. Ukikwama nakufundisha. Hata lenzi tutaazimana."

Dada akatikisa kichwa kukubali. Nikaona aibu kubisha. Nikasema sawa.

"Na usiende mwenyewe. Wakimwona mwanamke anaulizia kamera, watakupiga bei mpaka ulie. Hizo hela nipe mimi."

Watakupiga! Yeye ndiye aliyesema!

Nikampa.

Siku zikapita. Namuuliza, ananiambia anaiweka sawa. Namuuliza tena, "Subira, Shem, kitu kizuri hakitaki haraka." Alikuja kunikabidhi jioni ya kuamkia harusi, niko na shughuli mpaka puani.

Mkanda mpya. Ngozi ya mshikio inanukia mpya. Kioo kina plastiki juu.

"Boksi liko wapi?"

"Liko kwangu, kwa ajili ya waranti. Nimeifungua nikakuwekea mipangilio yote, wewe ni kupiga tu."

Mtaniuliza, kwa nini hukukagua? Ulizeni, hata mimi nimejiuliza.

Kwetu kitu alicholeta mkwe hakikaguliwi mbele yake. Baba alitulea hivyo. Unapokea kwa mikono miwili, unasema asante, basi. Kukigeuzageuza ni kumwita mkwe mwizi. Na Profesa amekaa kwenye familia yetu miaka, ameshalelewa na hiyo heshima, anajua fika kwamba sitathubutu.

Nikapokea kwa mikono miwili.

"Asante, Shemeji."

Nikapiga picha mbili tatu pale sebuleni, gizagiza, zikatoka vizuri. Nikalala nikiwa nimeikumbatia, mjinga mimi.

Yaliyotokea ukumbini mnayajua.

Wiki iliyofuata sikutamani hata kutoka nje. Shangazi, ambaye ndiye mama yetu tangu Mama atangulie, alinipigia simu akanisema mpaka salio likamwishia. "Si tulikwambia tuite mtu wa kazi? Baba yako akisimama tena mwaka gani?"

Kitinda hakunisema. Alinyamaza tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Mama mmoja aliyekuwa amenipa kazi ya ubarikio wa mwanawe akanitumia ujumbe, "Samahani dada, nimesikia kamera ilikushinda. Nimempata Profesa."

Nilimpigia Shemeji kuhusu ubovu wa kamera.

"Umeidondosha?"

"Sijaidondosha!"

"Basi umebonyeza pasipobonyezwa. Ilete nikuangalizie nikipata nafasi. Ila ile picha ya mzee ninayo, msijali. Nitaionyesha Jumapili, familia nzima ikiwepo."

Yaani hata picha ya baba yangu nasubiri anionyeshe kwa hisani yake!

Nikakaa kwenye kompyuta yangu kibandani nipange zile picha nilizowahi kabla kamera haijafa. Bibi harusi nje ya ukumbi, gauni jeupe, anga safi.

Juu, kona ya kulia, kulikuwa na kitu.

Kidogo, kimepinda, kama kope iliyodondoka.

Nikafuta kioo cha kompyuta. Kipo. Nikafungua picha nyingine. Kipo, kona ile ile. Nyingine. Kipo! Nikasema ni uchafu wa lenzi, lakini mle mle kuna picha nilizopiga kwa lenzi ya pili, ya kuazima, na zote zina kope.

Kama si lenzi, basi ni ndani, kwenye jicho lenyewe la kamera. Mkwaruzo. Vitu vya giza vinauficha, ila ukipiga kitu cheupe unajitokeza.

Mkwaruzo... kwenye kamera mpya?

Nikabaki nimeitazama ile kope. Mbona naifahamu? Hii kope nimeshapambana nayo mahali!

Weee!

Nilichapa ile picha ya harusi, nikabeba na kamera, nikafunga kibanda bila hata kuzima taa.

Sebuleni kwa Dada kuna picha kubwa ukutani. Dada amempakata mtoto wake wa kwanza, ukuta mweupe nyuma yao. Kila nikienda kumsaidia usafi, ile picha huwa naifuta kona ya juu kulia. Kwa kitambaa kikavu, kwa kitambaa chenye maji, mpaka kwa ukucha. Siku zote nilidhani ni unywele umenasa kwenye kioo. Dada hunicheka, "Acha, utakitoboa!"

Niliingia bila hodi, nikapanda kwenye kochi.

"We! Na viatu kwenye kochi langu?"

Nikaweka picha ya harusi kando ya ile ya ukutani.

Kona ile ile. Mpindo ule ule. Kope ile ile!

"Dada. Hii picha ilipigwa na kamera gani?"

"Ya mume wangu. Hiyo hiyo anayopigia harusi zote, kwani ana ngapi?"

"Njoo uangalie hapa."

Dada akapanda na yeye kwenye kochi. Na viatu.

Alitazama moja, akatazama nyingine. Akashuka taratibu, akaingia chumbani. Nikasikia kiti kinaburutwa. Aliporudi alikuwa na boksi la kamera mkononi, uso umemkauka.

"Lilikuwa juu ya kabati," akasema. "Alinikataza kukuonyesha. Eti utalichana, waranti ife."

Kila kamera ina namba yake chini ya kitako, na namba hiyo hiyo huwa imebandikwa kwenye boksi. Nikapindua kamera yangu.

Hazikufanana. Hata kidogo!

Pale ndipo akili yangu ilipofunguka yote kwa pamoja. Ndiyo maana alinikatalia ile niliyoipenda! Ndiyo maana "modeli kama yangu, ile ile"! Angebadilishaje kama hazifanani? Kamera yake ilikuwa imechoka, imepiga harusi mpaka kile kipazia cha ndani kinachofunguka kila ukibonyeza kimekwisha kabisa. Akaivika ngozi mpya na mkanda mpya, akanitupia mimi. Kamera yangu mpya akaivaa shingoni, akaja nayo harusini, akanicheka nayo!

Nikaelekea mlangoni.

"Nakwenda studio kwake sasa hivi! Kile kioo cha mlango nakivunja!"

"Kaa chini," Dada akasema.

"Dada, ni mumeo, najua, lakini..."

"Nimesema kaa. Ukivunja kioo, kesho wewe ndiye mwenye makosa. Jumapili atakuja mwenyewe kwa Baba, kamera shingoni. Nyamaza mpaka Jumapili."

Nilinyamaza, sijui kwa nguvu za nani.

Jumapili sebule ya Baba ilijaa. Baba kwenye kiti chake karibu na dirisha, Shangazi, Kitinda na mumewe, Dada na kikapu chake miguuni. Profesa akachomeka waya kutoka kwenye kamera mpaka kwenye runinga, akikohoakohoa kama mgeni rasmi.

"Jamani, hii nimeipata mimi tu."

Runinga ikawaka.

Baba! Baba amesimama, amejaa kioo chote. Shati limemlegea, mishipa ya shingo imesimama, mkono mmoja ameunyoosha mbele.

Shangazi akaangua kilio. "Anambariki mwanawe! Tazameni, anambariki!"

Kitinda akalia. Mimi nikalia. Kwa dakika hiyo nilimsahau hata mwizi.

"Nitaitia fremu, Baba," mwizi akasema. "Zawadi kutoka kwa mkweo."

Dada akainuka.

"Mume wangu, hebu pindua hiyo kamera utusomee namba ya chini."

"Namba ya nini tena?"

"Soma tu."

"Mke wangu, tupo kwenye mambo ya heshima hapa..."

Dada akatoa boksi kikapuni, akaliweka mezani. Mimi nikatoa zile picha mbili, ya harusi na ya ukutani kwake, nikaziweka kwenye mapaja ya Baba. Kisha nikaweka na kamera mbovu.

"Baba, hizi kamera zimebadilishwa. Yangu ni hiyo aliyoivaa."

Shangazi akavaa miwani, akainama. Akatazama kona moja, akatazama ya pili.

"Hii kope ni moja," akasema polepole. "We mwanaume! Hii kope ni moja!"

Profesa jasho likamtoka, kiyoyozi hapo hakuna.

"Ningemrudishia!" akaropoka. "Nilikuwa na msimu wa harusi, ningemrudishia baadaye! Na hata hivyo, kamera kama hii yeye angeifanyia nini? Paspoti?"

Niliruka.

Sikumbuki nimekanyaga nini. Nakumbuka amerudi nyuma mpaka ukutani, waya umechomoka, na kidole gumba chake kiko juu ya kitufe.

"Mtu asinisogelee! Nikibonyeza hapa nafuta zote! Hata ya mzee naifuta!"

Nikarudi hatua moja nyuma.

Ile picha ilikuwa hapo tu. Kwenye kadi hiyo moja. Baba yangu amesimama, ndani ya kiganja cha mtu anayetetemeka!

"Shemeji," nikasema. "Si picha yangu hiyo. Ni ya Baba."

"Semeni yameisha! Semeni hakuna wa kwenda polisi!"

Hakumwona Shangazi.

Shangazi alikuwa amemzunguka upande wa dirisha. Alichofanya ni kuudaka ule mkanda wa kamera kwa nyuma na kuuvuta kama anavuta mbuzi mkaidi. Profesa shingo ikaenda nyuma, mikono ikapaa. Nikaidaka kamera, nikafungua kimlango cha betri, betri ikadondoka sakafuni.

Kamera isiyo na betri haifuti kitu. Hilo sikufundishwa na Profesa.

"Toka," Dada akamwambia.

"Mke wangu..."

"Nimesema toka. Yetu tutayaongea, lakini si nyumbani kwa baba yangu."

Akala kona. Mkanda wangu mpya bado anao shingoni, ulikatika.

Nikarudisha betri, nikachomeka waya. Picha ikarudi kwenye runinga, salama salimini, na sote tukashusha pumzi.

Ndipo nikagundua kitu.

Mara ya kwanza ile picha ilikuwa imevutwa karibu. Profesa aliikuza kwa kile kitufe cha kukuzia, tuone Baba peke yake. Betri ilipotoka na kurudi, picha ikajirudisha ilivyo.

Sasa yote ilikuwa mbele yetu.

Bibi harusi alikuwa kule mbali, mlangoni, upande wa kushoto kabisa. Baba hakuwa anatazama huko hata kidogo.

Chini yake, upande wa kulia, kulikuwa na mimi. Nimepiga magoti, kilemba kimekaa upande, mdomo wazi kwa kilio, naipiga kamera kiganja. Na ule mkono wa Baba, ule tuliosema unabariki, ulikuwa umenyooshwa kwangu.

Nikarudisha nyuma mpaka aliyoipiga kabla Shangazi hajapaza sauti. Baba amekaa, ananitazama mimi ninavyolia na kamera mkononi. Nyingine mbele. Ameshika mikono ya kiti, macho bado kwangu. Nyingine. Anainuka, na bado ananitazama.

Nikaenda kupiga magoti mbele yake, sasa bila kamera.

"Baba... ulisimama kwa sababu ya nini?"

Tangu kiharusi, neno moja kwa Baba ni kazi ya kutwa. Mdomo wake ulihangaika. Tukasubiri.

"U...likuwa... unalia," akasema.

Basi.

Kitinda akajifuta kamasi kwa gauni lake. "Kwa hiyo siku ya harusi yangu nimeporwa baba hivi hivi naona!"

Tukacheka huku tunalia, hata Baba alicheka kwa ule upande wake mmoja.

Nisikilizeni sasa, nyinyi mnaodunduliza.

Usichaguliwe kamera. Sikia ushauri wote, halafu nenda mwenyewe, ishike, ikukae wewe mkononi. Boksi ifungue wewe. Linganisha namba ya boksi na ya kitako hapo hapo dukani. Piga picha ukuta mweupe, ikuze, kagua kona zote nne. Na akikuletea mkwe, pokea kwa mikono miwili kama ulivyolelewa, kisha kagua kwa macho mawili mbele yake! Nilimwambia Baba hiyo nyongeza, akatikisa kichwa kukubali.

Profesa amenitumia ujumbe juzi. "Shem, tusameheane, ni kamera tu."

Ni kamera tu! Mtu ananipora jasho langu, ananianika ukumbini, anataka kumfuta baba yangu kwa kidole gumba, halafu ni kamera tu! Sijamjibu. Na nikimwona njiani sijui kama nitajizuia.

Ile picha nimeisafisha kubwa, nikaitundika mlangoni kwa kibanda, kwenye msumari alioupiga Baba. Ndiyo picha mbaya kuliko zote nilizowahi kutokea maishani, sura imevimba, kilemba hakieleweki. Wateja wakiniuliza huyu mzee ananyooshea mkono nani, nawaonyesha yule anayelia pale chini.

Wakiniuliza nani aliipiga, nawaambia kamera ni yangu.